Kidole cha Baridi

Februari hii Kisumu inachemka tangu alfajiri.
Mabati ya Manyatta yanalia ta, ta,
kama sufuria iliyosahauliwa mekoni,
na Aloo wangu, miezi minane na siku nne,
anatafuna kila kitu:
kamba ya neti, rimoti, bega langu,
pembe ya kitambulisho cha mama yake.
Fizi zimevimba. Ute unamchuruzika hadi kitovuni.
Usiku wa tatu huu halali,
na asipolala yeye, nani mwingine alale?

Sista Phanice wa kliniki alisema:
cha baridi kitamtuliza.
Matunda matupu, Baba Aloo. Sukari, la.
Asali, hata tone, mpaka atimize mwaka.
Na umshike wima, umtazame, usimwache nacho.
Nikayaandika yote kiganjani,
mimi fundi wa redio,
niungaye waya mwembamba kuliko unywele
na sijawahi kumenya papai.

Kibuye nililichagua kwa kulibonyeza shingo.
Muuzaji akauliza, "Unanunua, au unalipima presha?"
Nikaongeza ndizi mbili zenye madoa,
zile ambazo wateja huziruka,
kumbe utamu umelala humo humo madoani.
Nikaponda. Nikachuja. Nikaponda tena.
Mbegu nyeusi zikatapakaa sakafuni
zikachanganyika na skrubu zangu.
Maziwa ya Jerusa, aliyoyakamua kabla ya zamu,
nikatia vijiko vitatu, mkono ukitetemeka:
hayo yakimwagika hayana duka.
Nikamimina kwenye vikombe vya mayai,
kila kimoja nikakisimikia kijiko.

Friza hatuna.
Friza anayo Mama Obuya, ya mbuta na ngege.
"Weka kule pembeni," akasema,
"huko samaki hawafiki."

Samaki walifika.
Asubuhi nikaonja papai lililolala na mbuta.
Aloo akalamba mara moja,
akanikazia macho kama hakimu,
akatema, shati langu lote.
Jerusa alicheka hadi akakaa chini juu ya skrubu.
Sikuwa nimemsikia akicheka
tangu likizo ya uzazi iishe.

Mara ya pili ilikuwa embe.
Nikafunga vikombe kwa nailoni mbili na mpira wa tyubu ya baiskeli.
Stima ikapotea saa nne, ikarudi jioni.
Nililila lile embe vuguvugu peke yangu,
kwa kijiko,
bila kuzungumza na mtu.

Jumapili, vikatoka vigumu,
vya manjano, vinafuka moshi mwembamba.
Sikumpa papo hapo, baridi kali huunguza ulimi mchanga.
Nikakishika kikombe mkononi kilegee,
nikihesabu kimoyomoyo, vidole vikifa ganzi.
Kisha kizingitini, yeye mapajani, wima.

Akagusa. Akashtuka.
Mabega yakapanda hadi masikioni.
Akarudi.
Akanyonya kama mtu anayelipwa deni la zamani,
na kile kilio cha siku tatu
kikakatika katikati, redio iliyochomolewa.
Nje mtu alikuwa akifua. Nikasikia maji.
Nilikuwa nimesahau kwamba maji yana sauti.

Halafu akakisukuma kijiko.
Akatafuta mkono wangu, akachagua kidole,
kile kilichoganda zaidi,
akakitia mdomoni, akauma.

Kikanikwaruza kitu.

"Jerusa!"
Akaja na povu hadi viwikoni,
akanawa, akaingiza kidole, akanitazama.
Akaingiza tena.
Kidogo, mithili ya chenga ya mchele,
kikali kama sindano.
Ndizi na embe vikayeyuka gotini kwangu,
nzi akatua, hatukumfukuza.

Mama Obuya akachungulia uani:
"Leo je, kinanuka samaki?"
"Leo," nikamwambia, "kinauma."